Mizinga ya Mbao ya Ziwa Tanganyika

Katika historia yote ya Ziwa Tanganyika, silaha zinazonivutia kuliko nyingine ni zile ambazo hazikuwahi kufyatua hata risasi moja. Juni 1916 kamanda Mwingereza aitwaye Geoffrey Spicer-Simson alifika na boti zake mbele ya ngome ya Wajerumani pale Bismarckburg, Kasanga ya leo, kusini kabisa mwa ziwa upande wetu. Kazi aliyokuwa nayo ilieleweka: wenzake walikuwa wanakuja kwa nchi kavu kuizingira ngome, yeye azibe upande wa maji ili adui asipate pa kutokea. Akatazama. Akaona mizinga imepangwa, midomo yake inaelekea ziwani. Akapiga hesabu ya boti zake, nyingine za mbao tupu zikiwa na injini za petroli ndani, akaona hapana. Akageuza na kwenda zake.

Usiku Wajerumani na askari wao wakapanda vyombo vyao na kutoweka. Jeshi la nchi kavu lilipoingia ngomeni likaikuta ile mizinga ni magogo ya miti.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye kicheko. Mzungu mwenye mbwembwe amekimbia magogo, basi, tucheke. Na kweli Spicer-Simson anajitafutia kuchekwa: huyu ndiye aliyekuwa akitembea na sketi mbele ya watu, mwili umechorwa nyoka na vipepeo, mpaka Waholoholo wa upande wa Kongo wakampa jina la Bwana Chifungatumbo. Lakini kila nikikisoma kisa hiki naona kicheko kinafunika swali zito. Ukiwa ndani ya boti ile asubuhi ile, ungejuaje kwamba ulichonacho kinatosha?

Swali hili halikuisha na vita vya Wazungu. Mvuvi wa dagaa anayetoka Katonga au Kibirizi na karabai zake usiku usio na mwezi analo, maana majambazi wa ziwani wanaonyang'anya injini na nyavu si hadithi za kutungwa. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Kalemie au Uvira na fedha kiunoni analo. Mwenye nyumba Mwanga au Ujiji naye analo, anayeanza na kufuli, akaongeza mbwa, akaongeza mlinzi, akaongeza vipande vya chupa juu ya ukuta, na bado akisikia kishindo usiku anaketi kitandani. Kila habari mbaya inaongeza kitu kimoja kwenye orodha. Hakuna habari inayopunguza. Nani amewahi kukaa akasema, sasa imetosha?

Nimekuwa nikisoma vitabu vya ziwa hili kwa swali hilo moja, na ninaona mwambao huu unao ushahidi wa kutosha kulijibu. Ila jibu lake halimo kwenye orodha ya silaha.

Tuanze na Henry Morton Stanley, kwa sababu kila anayekwenda Ujiji anapelekwa kwake. Utaonyeshwa mnara, utaonyeshwa miembe, na mle makumbusho utawakuta yeye na Livingstone kwa umbo la sanamu wakivuliana kofia. Usichoonyeshwa ni jinsi jamaa alivyofika pale. Picha tuliyonayo ni ya Mzungu mwenye bunduki na bendera ya Marekani akikata mbuga kuelekea magharibi. Na bunduki alikuwa nazo kweli. Orodha yake ya ununuzi kule Unguja mwanzoni mwa 1871 ni kama ya duka: bunduki za kisasa za kujaza risasi kwa nyuma, nyingine za kufyatua mara 16 bila kujaza upya, gumegume 24, bastola, panga za vita, mashoka, visu 24. Mwandishi wa gazeti huyo, jamani. Sisi siku hizi tunapewa kitambulisho na nauli.

Agosti mwaka huohuo vifaa hivyo vilipimwa. Tabora, Waarabu walikuwa kwenye vita na Mirambo, mtemi wa Urambo, na Stanley akaungana nao akiamini mambo yataisha kwa siku chache. Wakateka kijiji, wakabeba pembe na watumwa, wakaanza kurudi wakiwa wameshiba ushindi. Mirambo alikuwa amejificha kwenye majani marefu kandokando ya njia. Waliosalimika walirudi mbio, na baadaye mwezi huohuo Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuitia moto. Stanley alitoboa matundu ya kufyatulia risasi kwenye kuta za nyumba yake Kwihara akisubiri. Kwa bahati yake Mirambo hakufika mlangoni kwake.

Kwa hiyo aliyeingia Uha miezi miwili baadaye alikuwa mtu aliyejifunza. Na hapa ndipo kitabu chake cha 1872 kinapokuwa kizuri, pengine bila mwenyewe kukusudia, kwa sababu kwa kurasa kadhaa shujaa anaacha kuwa shujaa. Mtwale mmoja, anayemwita Mionvu, anamsimamisha njiani na kudai hongo ya nguo 100. Stanley anakasirika. Anawaita viongozi wa msafara wake, Bombay na Asmani miongoni mwao, anawauliza: tupigane au tulipe?

Zingatia ni nani aliyejibu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani India akiwa mtoto, alikuwa amekwisha kufika Ujiji na Burton na Speke mwaka 1858. Njia hizi alizijua kabla Stanley hajajua hata kuandika habari. Ushauri wao ulikuwa walipe. Nchi hii ni tambarare, hakuna pa kujificha, vijiji vimejaa. Mkipiga bunduki moja hapa habari itafika kijiji cha tano kabla yenu. Ubishi ukaendelea, bei ikashuka hadi doti 75, wakalipa.

Bunduki za Stanley zilitosha kabisa kumuua Mionvu. Hilo hakuna aliyelibishia. Zisingetosha kumfikisha Ujiji, na safari yake ilikuwa ya Ujiji. Bombay aliipima silaha kwa safari nzima, wakati bwana wake alikuwa anaipima kwa mtu aliyesimama mbele yake. Nadhani huo ndio upofu wa kawaida wa mtu mwenye silaha mpya.

Lakini kulipa nako kuna mwisho wake. Siku iliyofuata akatokea mtwale mwingine na dai lake, na habari ikaja kwamba mbele wako watano zaidi. Stanley akapiga hesabu: akiwalipa wote atafika Ujiji ombaomba. (Tusiwaite Waha wale majambazi, kama yeye anavyofanya akikasirika. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu; wewe jaribu kuingiza lori la mizigo Kagunga bila kulipa kitu, uone.) Basi akafanya jambo la tatu, ambalo halikuwa vita wala malipo. Alimpata kiongozi wa njia, akamlipa doti 12, na usiku wa manane msafara ukatoka kijijini kwa makundi madogomadogo, kimya, ukaingia porini. Kuku na mbuzi ambao wangepiga kelele walichinjwa. Mwanamke mmoja akaanza kupiga mayowe porini, na mumewe akamtisha kwa upanga ili anyamaze. Ni ukurasa mchungu, na Stanley anaupita haraka kuliko ningependa. Siku chache baadaye walikuwa juu ya kilima wanaliangalia ziwa.

Kitabu kizima kimejaa bunduki, lakini kilichomfikisha kwa Livingstone ni nguo, kimya, na mtu aliyejua vichochoro.

Livingstone mwenyewe alikuwa na kipimo kingine. Katika safari ya wawili hao ya kupiga kasia kwenda kutazama kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka (unaingia), mahali paitwapo Luvumba walizingirwa na watu waliolewa na wenye hasira. Hasira yao ilikuwa na sababu: kijana wa ukoo wa kichifu alikuwa amepigwa hadi kufa na mfanyabiashara Mbaluchi wa Ujiji. Kwao, yeyote atokaye Ujiji na bunduki alikuwa upande wa muuaji. Stanley alikuwa tayari na silaha zake. Yule mzee akakunja mkono wa shati, akawaonyesha ngozi yake, akawaeleza polepole kwamba yeye si Mwarabu wala Mwungwana. Maneno mengi, vitambaa kidogo, hasira ikapoa.

Siwezi kuusifu ule mkono mweupe bila kuguna. Kinga ile haikuwa ya kila mtu: Bombay au Susi wangekunja shati mpaka begani na isiwasaidie chochote, kwa sababu wao ndio hasa walioonekana kuwa watu wa Ujiji. Stadi ya kuzungumza ni silaha nzuri, lakini nayo inategemea aliyeko upande wa pili anakuona wewe nani. Ninachokiona Luvumba ni kwamba Livingstone alitaka kwanza kujua hasira imetoka wapi. Baada ya hapo ndipo akachagua cha kufanya.

Miaka 43 baadaye ziwa likajaa chuma. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na kwa reli hiyo Wajerumani waliweza kuleta ziwani kitu chochote kinachoingia ndani ya behewa. Vita vilipoanza Agosti, meli yao ndogo Hedwig von Wissmann ilivuka mara moja na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga. Boti nyingine, Kingani, ikaletwa kwa treni kutoka Dar es Salaam. Kusini meli ya Waingereza iliyoitwa Cecil Rhodes nayo ikaharibiwa. Kabla mwaka haujaisha, ziwa lote lenye urefu unaokaribia kilomita 700 lilikuwa mali ya jeshi moja lenye vyombo viwili vidogo.

Kisha ikaja Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri baharini hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaunganishwa tena hapohapo ufukweni na kuingizwa majini Februari 1915. Mita 71. Ilipewa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ambayo Waingereza walikuwa wameimaliza katika delta ya Rufiji Julai mwaka huo. Hapakuwa na chombo ziwani cha kuweza kusimama mbele yake.

Je, ilitosha? Kwa adui waliyemjua, ilitosha na kubaki. Tatizo ni kwamba adui waliyemjua hakuwa ndiye aliyekuwa anakuja.

Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alifika London na wazo lililosikika kama la mlevi: boti ndogo zenye kasi, zipelekwe Cape Town kwa meli, zipande treni hadi Katanga, zivutwe juu ya milima ya Mitumba, ziteremshwe kwa mto na reli hadi Lukuga. Wakubwa wakakubali. Boti mbili za takriban mita 12, Mimi na Toutou, ziliondoka Uingereza Juni. Kutoka Fungurume kwenda mbele zilivutwa kwa mitambo ya mvuke, na pale mitambo iliposhindwa zikavutwa na ng'ombe na watu. Njia yenyewe ilifyekwa na madaraja yakajengwa na vibarua wa Kiafrika ambao majina yao hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma. (Tukisema Kariakoo leo tunawataja ndugu zao bila kujua, maana jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyohivyo.) Zilishushwa majini karibu na Krismasi.

Wajerumani walisikia fununu kwamba Lukuga kuna kitu. Mapema Desemba walimpeleka afisa aitwaye Rosenthal kuchungulia. Aliogelea kuelekea bandarini usiku, na Wabelgiji wakamkamata. Kutoka kifungoni alipata nafasi ya kutuma barua, akaongeza ujumbe wa siri kwa wino wa mkojo. Ujumbe ule ulikaa miezi bila mtu kuugundua.

Hapo, kwangu, ndipo Wajerumani waliposhindwa ziwa lile, wakiwa na meli zao zote tatu nzima na mzinga mkubwa kuliko wowote. Tarehe 26 Desemba Kingani ilikuja kuchungulia ikiwa na mzinga wake mbele. Mzinga huo uliweza kupiga mbele tu. Dhidi ya meli nzito za Wabelgiji haikuwa kasoro. Ungeweza kuipitisha vita nzima bila kuiona. Dhidi ya boti mbili zenye kasi zilizotokea nyuma yake ilikuwa kifo. Mapambano yalichukua dakika zipatazo 11. Kamanda wake akafa, boti ikatekwa, ikatengenezwa, ikawekewa mzinga mkubwa zaidi na kupewa jina la Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikaja kumtafuta mwenzake. Fifi kila alipofyatua mzinga wake mkubwa alipungua mwendo kwa ule mrudisho, kwa hiyo peke yake asingemfikia. Mimi akatangulia, akawa anamdonoa Hedwig kwa nyuma na kumlazimisha kugeuka, na kila akigeuka anapoteza muda. Hedwig ikazama. Kati ya boti mbili zile hakuna iliyotosha peke yake. Moja ilikuwa na kasi bila nguvu, nyingine nguvu bila kasi, na watu waliozishika walilijua hilo wakalitumia.

Kesho yake Götzen ilipita taratibu mbele ya Lukuga ikitafuta Hedwig. Maafisa wa Spicer-Simson walitaka kutoka. Akakataa. Walinung'unika, na wapo waandishi ambao hadi leo wanamwita mwoga kwa siku hiyo. Mimi nasimama naye. Mzinga wa Götzen wakati ule ungewafikia kabla hawajaifikia, boti zake ni za mbao, na matangi ya petroli yamo ndani. Ushindi mbili mfululizo ni hatari kuliko kushindwa kumoja. Ndio uliowapeleka Waarabu wa Tabora kwenye majani ya Mirambo. Alihesabu akaona hakitoshi, akaondoka kwenda kutafuta meli kubwa zaidi, akavuka Kongo karibu yote kuitafuta.

Sasa rudi Kasanga, Juni ileile. Mtu yuleyule, hesabu ileile: mizinga mikubwa mbele, mbao chini ya miguu, ondoka. Februari hesabu ilikuwa sahihi na Juni ikamwaibisha. Je, tofauti ni kwamba safari hii mizinga ilikuwa magogo? Hiyo ndiyo hukumu ya wengi na mimi siikubali. Kwa macho, kwa mbali, gogo lililopakwa rangi na mzinga ni kitu kimoja. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutojua kitu kilichofichwa ili asikijue.

Kinachonifanya nimhukumu ni kazi aliyokuwa nayo. Februari hakuwa na sababu ya kupigana na Götzen siku ile. Kusubiri hakukuwa na gharama. Kasanga hakuhitaji kuipiga ngome hata kidogo. Alihitaji kukaa majini mbali na mizinga, na usiku ukiingia asogee kukamata mitumbwi. Kwa kazi hiyo boti zake zilitosha: zilikuwa na kasi, zilikuwa na bunduki za rashasha, na mzinga wa ngomeni, hata ungekuwa wa chuma kweli, usiku unapiga giza. Alijiuliza kama anaweza kuishinda ngome, akajibu kwa ukweli kwamba hawezi, akaondoka na jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa. Na nchi kavu, mwendo mfupi tu kutoka ufukweni, walikuwapo wenzake waliokuwa wakiiangalia ngome ileile kutoka upande mwingine. Mtu mmoja angetumwa kwao. Bombay angefikiria hilo kabla ya kifungua kinywa.

Upande wa pili nao unastahili heshima yake. Waliopanga yale magogo walijua yanatosha nini. Hayawezi kulinda ngome, kwa sababu gogo linalinda mpaka adui akaribie, halafu basi. Lakini wao hawakukusudia kubaki. Walihitaji usiku mmoja wa ziwa kuwa wazi, na magogo yakawanunulia usiku huo. Mjini kwetu ipo nyumba ya aina hii kila mtaa: geti limeandikwa "Mbwa Mkali" na ndani hakuna hata paka. Kibao hicho kinamtosha mpita njia anayejaribu bahati. Hakimtoshi jirani anayejua kwamba hujawahi kununua mifupa buchani.

Götzen wenyewe ilikuja kupata gogo lake. Mzinga wa Königsberg ulihitajika nchi kavu, kwa hiyo ukang'olewa na nafasi yake ikawekwa wa mbao, meli ikaendelea kuonekana ileile. Spicer-Simson hakwenda kuujaribu. Ndege za Wabelgiji, zile za kutua majini, zilianza kudondosha mabomu Kigoma Juni 1916, na ndege haitishwi na mzinga wa sura. Lakini hata ndege hazikuimaliza. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanateremka kwa miguu kutoka Rwanda na Burundi, reli ya nyuma yao ilikuwa hatarini, na meli haina maana bandari ikichukuliwa. Gharama yote ile ya masanduku 5,000 ilikuwa kinga ya upande wa ziwa, na adui akaja kwa upande wa milima.

C. S. Forester aliandika riwaya juu ya vita hivi mwaka 1935, The African Queen, na filamu yake ikatoka 1951. Humo shujaa ana mashua kuukuu na mabomu ya kujitengenezea, naye anakwenda moja kwa moja kuikabili meli kubwa. Ni riwaya nzuri. Nimeisoma mara mbili. Ila inafundisha kinyume cha yaliyotokea. Giles Foden, aliyesimulia kisa chenyewe mwaka 2004 katika Mimi and Toutou Go Forth, alielewa kwamba ukweli wake una vichekesho zaidi na ushujaa mdogo, na watu wanaosita wanavutia kuliko wasiosita.

Tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe. Mafundi walewale walioiunganisha walipewa kazi hiyo, na kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nene kila mahali, wakiamini watarudi kuichukua. Wao hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Haikuwekewa mzinga tena. Kwa miongo mingi ilibeba samaki, mananasi, wakimbizi na wanafunzi kati ya Kigoma na Mpulungu, na njiani ilikuwa inasimama Kasanga, mitumbwi ikiizunguka kushusha watu na mizigo, karibu na magofu ya ngome ya yale magogo.